Nyumba kuukuu ya vyumba sita Dar: namna ya kuikagua kabla hujatoa hela

Kwa anayetafuta nyumba yake ya kwanza Ilala, Temeke, Magomeni au Buguruni, kinachopatikana mara nyingi ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Bei yake ni bei ya kiwanja, kuta ni nyongeza. Kwa hiyo anza na yale ambayo fundi hawezi kuyarekebisha. Rangi mpya na dari ya jipsamu viache mwisho, maana hivyo ndivyo huwekwa wiki moja kabla dalali hajaanza kuleta wateja.

Maji ndiyo ya kwanza. Nenda masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa, uwaulize wapangaji badala ya mwenye nyumba. Tazama kuta za majirani, ambazo hakuna aliyezipaka rangi kwa ajili yako: mstari wa kahawia ulionyooka unaonyesha maji yalifika wapi. Bonde la Msimbazi, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, hufurika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba ya bei poa huko hata bure ni ghali.

Halafu simama mlangoni. Je, unashuka kuingia ndani? Mitaa ya zamani imemwagiwa kifusi na lami mara nyingi, barabara ikapanda na nyumba ikabaki chini. Kila mvua italeta maji ukumbini, na kuinua sakafu maana yake ni kufupisha milango na madirisha yote. Angalia pia kama ukuta una alama ya X. Hiyo huwekwa kwenye nyumba iliyomo ndani ya hifadhi ya barabara, na rangi juu yake haiifuti kwenye ramani.

Umiliki. Omba nakala ya hati au leseni ya makazi, kisha ufanye upekuzi rasmi ofisi ya ardhi wewe mwenyewe: jina, rehani, zuio. Leseni ina muda, soma tarehe. Mjumbe na serikali ya mtaa ni mashahidi, si wasajili. Nyumba hizi nyingi ni za urithi, hivyo anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wote wasaini. Akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzi iwe kwa maandishi. Kisha pima kiwanja kwa futi kamba na ulinganishe na ramani. Uani ndiko jirani alikosogeza ukuta.

Sasa kuta. Nyingine ni za miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji, na kwa macho huwezi kujua. Gonga kwa kifundo cha kidole, za udongo mara nyingi hutoa sauti ya debe tupu. Nyuma ya mlango, penye lipu iliyomeguka, chokonoa kwa msumari: kikitoka kijivu ni tofali la saruji, ukitoka udongo mwekundu hesabu kwamba umenunua kiwanja peke yake.

Chumvi inafuata. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi usiotandikwa nailoni ya kuzuia maji, maji yakikauka chumvi inabaki na kuisukuma lipu ibanduke. Vigae vilivyopandishwa hadi kiunoni ndani ya chumba cha kulala si urembo, ni kifuniko. Kupaka rangi hakusaidii. Lipu ibanduliwe, maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta, na hata hivyo chumvi huweza kurudi.

Nyufa za kuanzia kona ya dirisha kwenda juu kimshazari hutokea sana pasipo na mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha. Ufa mwembamba kama unywele si kitu. Ufa unaoingiza sarafu, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na urudi baada ya wiki mbili uone kama umevuka alama.

Paa likague saa sita mchana, taa zimezimwa: matundu yanaonekana kama nyota. Kwa bisibisi, toboa ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa) pale zinapokalia ukuta; ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula. Ukibadilisha bati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30.

Chooni mwaga ndoo tatu za lita 20 mfululizo. Maji yakipanda, shimo limejaa au udongo umeshiba. Uliza gari la kunyonya hufikaje, maana vichochoro vingine havipitishi hata mkokoteni. Na shimo la zamani liko wapi? Mara nyingine lipo chini ya chumba cha nyongeza.

Umeme: soketi zinataka waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, na arthi, waya wa usalama, iwepo kweli ardhini. Nunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kidogo usome risiti. Kodi ya jengo hukatwa humo tangu 2021, na madeni pia yataonekana.

Mwisho ni wapangaji. Waulize mmoja mmoja wamelipa kodi hadi mwezi gani, uandike, muuzaji asaini. Aliyelipa miezi sita mwezi uliopita hatoki kwa sababu nyumba imeuzwa, kwa hiyo ama kodi hiyo ipunguzwe kwenye bei, au zuia sehemu ya fedha mpaka vyumba vikabidhiwe vitupu.