Kutuma taarifa na makala kwenye tovuti za metali bila kuishia kapuni

Kuna watu hapa bongo wanapiga kazi kweli kweli, wanayeyusha skrepa wanatoa nondo, wanapitisha shaba ya Zambia na Katanga kwenye bandari ya Dar, alafu siku wakitaka wenzao wa nje wajue wanawatumia wahariri wa tovuti za habari za metali imeili ya mistari mitatu na picha kumi za bosi anakata utepe. Hawajibiwi, wanaanza kulalamika wazungu wanatubagua. Sio lazima, saa zingine tatizo ni ile imeili yenyewe.

Kwanza jua unatuma nini maana watu wanachanganya. Taarifa kwa vyombo vya habari ni jambo limetokea: tanuru jipya limewashwa, mkataba umesainiwa, mkurugenzi kabadilika. Hiyo unaweza kuituma kwa tovuti zote siku moja, na mhariri ana haki ya kuikata hadi ibaki aya mbili, usinune. Makala ya kuchangia ni ujuzi wako, na hiyo unampa mmoja tu, akikataa ndo unaenda kwa mwingine. Ukiwapa watatu kwa mpigo wakaitoa wote wiki moja, ujue umejifungia milango yote mitatu.

Kwa taarifa, kila kitu kiko kwenye aya ya kwanza. Nyingi zinaanza hivi: "Kampuni yetu inayoongoza kwa huduma bora ina furaha kubwa kuwatangazia wateja wake wapendwa..." Hapo mhariri kashafunga. Sasa tuseme ungeandika: "Kiwanda cha nondo cha Kibaha kimewasha Jumatatu tanuru la pili la umeme, linayeyusha tani 15 za skrepa kwa mpigo, na kitaanza kutoa nondo za milimita 12 na 16 mwezi ujao." Nani, nini, wapi, lini, kiasi gani, yote yameisha na hujamsifia mtu. Sifa mpe bosi kwenye nukuu yake, sentensi mbili zinamtosha, na mwishoni kabisa weka aya fupi ya kampuni ni nani na namba ya simu ya mtu ATAKAYEPOKEA.

Alafu namba. Hapa ndo watu wa metali wanakujua kama we ni mwenzao au umetumwa tu. Tani yetu ni kilo 1,000 lakini Mmarekani akisema tani mara nyingi ana ile yake fupi ya kilo 907, kwa hiyo andika wazi kwamba ni tani za kilo 1,000. Dhahabu inapimwa kwa wakia ya gramu 31.1, sio ile wakia ya jikoni ya gramu 28. Nondo taja na kiwango chake, mfano B500B ya BS 4449 (kiwango cha Uingereza), hiyo 500 ni nguvu ambayo nondo inahimili kabla haijaanza kuvutika isirudi tena, anayesoma anaelewa zaidi ya ukimwambia "nondo imara".

Na tofautisha uwezo wa kiwanda na kile mnachozalisha. Mi iliwahi kunikuta, nilichukua namba iliyoandikwa kwenye karatasi za mashine nikaandika "tunazalisha" kiasi hicho kwa mwaka. Mhariri akarudisha swali moja tu: mnafanya zamu ngapi kwa siku? Tulikuwa na zamu moja, na umeme ukikatika hata hiyo hamna. Nilirekebisha kwa aibu, bosi nae akanuna kwa sababu namba mpya ilikuwa ndogo, ila habari ilitoka.

Kama ni mgodi au utafiti wa madini ongeza umakini mara mbili. Rasilimali na akiba sio kitu kimoja, rasilimali ni mwamba uliokadiriwa kuwa upo chini, akiba ni ile sehemu iliyothibitika kwamba inachimbika kwa faida. Kanada wana NI 43-101 na Australia wana JORC, hizo ni kanuni za kutangaza namba za rasilimali na akiba, na zote zinataka mtaalamu mwenye sifa aweke jina lake nyuma ya hizo namba. Zile za Kanada zilianza 2001 baada ya kashfa ya Bre-X, kampuni iliyodai ina dhahabu kibao Busang kule Indonesia, 1997 ikagundulika sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu, hisa zikaporomoka watu wakalia. Ndo maana ukimwandikia mhariri "tumegundua dhahabu nyingi sana" anakuangalia kwa jicho hilo. Na kama kampuni iko kwenye soko la hisa, habari nzito inaanzia sokoni, wewe na imeili yako mnafuata.

Lugha sasa. Tovuti nyingi ni za Kiingereza, na wengi wetu tunaandika Kiswahili alafu tunaipa programu itafsiri. Jamani. Nondo inaweza kutoka kama wale wadudu wanaozunguka taa usiku, risasi ya kwenye betri ikatoka kama ya bunduki, na chuma ndo usiseme, sisi tunaita chuma kitu chochote kuanzia msumari hadi reli wakati wenzetu wana majina tofauti na bei tofauti. Mpe fundi wa kiwandani asome kabla haijaenda. Saa nayo ni hivyo hivyo: ukisema habari isitolewe kabla ya saa 3 asubuhi, kwao inakuwa usiku wa manane, andika 9:00 na useme ni saa za Afrika Mashariki.

Maneno yabandike ndani ya imeili yenyewe, mhariri anataka kunakili sio kuhangaika na PDF. Picha ambatanisha pembeni, faili lile la kwanza kutoka kwenye kamera, sio iliyopita WhatsApp maana inabanwa hadi sura haionekani. Andika ni nani kushoto nani kulia, na nani kapiga. Na mteja akitajwa, awe amekubali.

Makala ya kuchangia usianze kuiandika yote, tuma kwanza wazo aya moja. Wazo liwe la kitu unachokijua kwa mikono. Mtu anayeuza mabati Bagamoyo akieleza kwa nini bati linaoza haraka karibu na bahari, kwamba wateja wanauliza geji (unene) tu kumbe kinacholinda ni zinki, na kwamba Z275 ni gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, hiyo inasomwa hadi Mumbai. Jina la duka lako liache kwenye ile mistari miwili ya kukutambulisha mwishoni. Wakikwambia ulipie, uliza kama itawekwa alama ya tangazo, na usihangaike sana na linki ya kuleta watu kwenye tovuti yako, tangu 2019 Google ina alama maalum ya linki za kulipiwa na haizipi uzito kama wa linki za kawaida.

Ukishatuma kaa wiki moja, kumbusha mara moja, basi. Ikitoka, isome siku hiyo hiyo, majina yetu wanayakosea na tani zinageuka. Ukikuta kosa usimwage hasira, mtumie mhariri sentensi ilivyo na inavyotakiwa iwe.