Kabla Samaki wa Kwanza Hajaingia: Maandalizi ya Akwaria Ndogo ya Matumbawe

Mtu anayetamani kufuga matumbawe nyumbani mara nyingi ameshachagua samaki anaowataka, na pengine ameshawalipia, kabla hajajua maji watakayoishi yatatoka wapi. Mpangilio huo wa kinyume ndio unaoua viumbe wengi katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo karibu yote ninayoyaeleza hapa yanapaswa kukamilika kabla ya kununua chochote chenye uhai, na ninaandika nikimfikiria zaidi mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi.

Neno «ndogo» lina hatari yake. Tangi la lita 20 huonekana rahisi kwa anayeanza, lakini katika maji machache kila kosa hukua haraka: chakula kilichozidi, konokono aliyefia nyuma ya jiwe, au siku moja ya kusahau kuongeza maji. Ningemshauri anayeanza atafute tangi la sentimita 60 kwa 45 kwa 45, ambalo likishawekwa mawe na mchanga hubaki na nafasi ya takriban lita 100 za maji. Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 8, mradi atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Ukijumlisha maji, kioo, mawe na meza, unapata zaidi ya kilo 150 zinazokaa mahali padogo sana. Kabati la kawaida la sebuleni halikutengenezwa kwa mzigo huo. Tangi likifika, lijaze maji ya bomba juu ya meza yake, uliache siku mbili, kisha upitishe karatasi laini iliyo kavu kwenye kila pembe. Karatasi ikilowa, tangi linarudi kwa fundi, na hapo hasara ni ya maji ya bomba tu.

Waya za vifaa zilegezwe zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji chumvi linaloteremka juu ya waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Suala la joto linahitaji kufikiriwa kwa kina, kwa sababu maelekezo mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao hofu yao ni maji kupoa. Matumbawe ya kufugwa hustawi katika nyuzijoto 24 hadi 27. Nairobi, usiku wa Julai, utahitaji hita, na ya wati 100 inatosha kwa tangi la kiasi hiki. Pwani hali ni tofauti kabisa. Februari moja, saa kumi jioni, kipimajoto changu kilisoma 31.2, na tumbawe laini lililokuwa limechanua vizuri asubuhi lilikuwa limejikunja likawa kama kidole gumba. Nilikuwa nimefunika tangi kwa kioo ili maji yasipungue, na kioo hicho ndicho kilichofungia joto la taa na pampu ndani. Nilikiondoa, nikaweka wavu mwembamba wa kuzuia samaki wasiruke nje, nikaelekeza feni ndogo kwenye uso wa maji. Kufikia usiku yalikuwa yameshuka hadi 28. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Jambo hili si dogo: mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa, na bahari ni pana kuliko tangi lolote.

Feni hiyo, hata hivyo, inaleta kazi nyingine. Maji hupungua kila siku, na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi lenye lita 100 za maji likipoteza lita 6, kiwango cha chumvi kinapanda kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji hadi karibu 37. Ndiyo maana maji ya kujazia upungufu ni lazima yawe matamu, tena yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuchuja kwa shinikizo. Maji ya bomba yana klorini, na mabomba ya nyumba yanaweza kuongeza shaba, ambayo huua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Kama huna mtambo, tafuta duka linalouza maji hayo na upime kwa kifaa cha kupima madini kabla ya kununua madumu. Usomaji unapaswa kuwa sifuri au karibu na sifuri.

Maji chumvi yenyewe yana njia mbili. Ya kwanza ni chumvi maalumu ya akwaria, inayotiwa kiasi cha gramu 35 hadi 38 kwa lita na kukorogwa kwa pampu ndani ya pipa kwa saa 24. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, kwa kuwa haina kalsiamu na magnesiamu ambazo tumbawe hujengea mifupa yake. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kutakugharimu karibu kilo 1.6 za chumvi kwa mwezi, na ni vema gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya nyumba tangu mwanzo. Njia ya pili ni bahari, na mkazi wa pwani atajiuliza kwa nini anunue chumvi ilhali bahari iko mlangoni. Inawezekana, lakini maji yachotwe mbali na bandari na midomo ya mito, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, na kamwe si siku za masika mito inapomwaga matope. Yachujwe kwa kitambaa kizito, yakae gizani siku kadhaa yakitembezwa na pampu ya hewa, kisha yapimwe kwa refraktomita, kifaa cha lenzi kinachopima kiwango cha chumvi. Kipimo cha bei nafuu chenye mkono unaoelea hudanganya kwa urahisi kikishika mapovu. Hapa sioni sababu ya kubana fedha.

Mawe ndiyo chujio kuu, kwa sababu ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaosafisha maji. Usiyatoe baharini. Mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, na matumbawe ya miamba yetu yanalindwa, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Ukinunua tumbawe, dai karatasi zake, na upendelee kipande kilichokuzwa kwenye tangi la mfugaji mwingine. Mawe makavu ya chokaa yenye vitundu yanatosha. Kilo 10 hadi 12 zinatoshea tangi hili, yapangwe yakiegemea kioo cha chini chenyewe na si juu ya mchanga, ambao unaweza kufukuliwa na samaki mawe yakaporomoka.

Sasa kinafuata kipindi ambacho wengi hawakivumilii. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, iliyo sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine likaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama huo. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Anza kwa kutia amonia safi hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye daftari. Katika vipimo vingi vya matone, kichupa huwa kijani amonia ikiwapo na hurudi manjano inapokwisha. Tangi liko tayari pale unapotia miligramu 2 jioni, na jioni inayofuata amonia na nitriti zote mbili zinasoma sifuri. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba tangi langu la siku tatu lilikuwa tayari kwa sababu maji yalikuwa meupe. Samaki wawili walihema juu ya maji usiku kucha, na asubuhi nikawatoa wakiwa wamekufa. Maji ya sumu yanaweza kuwa meupe kabisa.

Umeme utakatika, hilo lipangiwe mapema. Nunua pampu ya hewa inayojiwasha kwa betri umeme ukizimika, kisha uijaribu mchana kwa kuchomoa waya ukutani na kuhesabu saa inazodumu. Viumbe hufa kwa kukosa hewa mapema kuliko kwa kukosa mwanga.

Viumbe waingie polepole: konokono wanaokula mwani kwanza, baada ya wiki mbili samaki mmoja au wawili wadogo, halafu matumbawe laini. Kitatange ni wazuri mno machoni, lakini wengi wao hula matumbawe, na samaki aina ya kangaja huhitaji nafasi ambayo tangi hili halina. Anemoni, kiumbe laini mwenye minyiri, asubiri hadi akwaria itimize takriban mwaka. Ukiyashika matumbawe ya jamii ya zoanthidi, vaa glavu na miwani, na usiyachemshe wala kuyasugua kwa maji ya moto, kwa kuwa baadhi yana sumu iitwayo palitoksini ambayo mvuke wake umewahi kulaza hospitalini familia nzima.

Mwisho, mtafute mtu wa nyumbani atakayebaki na akwaria ukisafiri. Bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapopaswa kufika, uweke dumu la maji matamu pembeni lenye maandishi makubwa, na umwonyeshe kwa vitendo, akiwa ameshika kikombe mwenyewe: maji yakishuka chini ya utepe, anajaza kutoka dumu hili tu, na chakula ni kibano kimoja kwa siku.