Kutoka skuli kwenda hotelini: namna ya kwenda na wakala wa ajira

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu barazani na mtoto wa dada yangu, mwalimu wa msingi kutoka Wete anayetaka kuingia bukingi za hoteli, yaani kupokea na kuandikisha maombi ya vyumba, hapa Unguja. Alishatuma CV kwa mawakala wanne, hakuna hata mmoja aliyempigia. Mimi mwenyewe niliacha chaki zamani, na leo nashughulikia ajira kwenye hoteli ya pwani ya mashariki, CV za mawakala zinapita mikononi mwangu kila siku. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Jua wakala analipwa na nani

Analipwa na hoteli. Kwa kawaida hupata chake mtu akishaajiriwa, na aliyeajiriwa akiondoka mapema, wakala mara nyingi hutakiwa alete mwengine bila malipo. Ndiyo maana huanza na mtu aliyekwishafanya kazi ileile. Wewe unayehama fani ni mgumu kumnadi, hata kama anakupenda. Kwa hiyo mpe wewe maneno ya kumwambia meneja, usimwachie ayatafute.

Hatua ya 2: Geuza kazi yako ya zamani iwe lugha ya kazi mpya

Kuandika CV unajua. Tatizo ni sentensi moja moja. Kijana wetu aliandika: "Mwalimu wa Darasa la Tano, Sayansi na Kiingereza." Meneja wa bukingi hana la kushika hapo. Nikamuuliza, siku ya kufungua skuli unafanya nini? "Mjomba, siku ile sikai. Naandikisha watoto, wazazi wamepanga foleni mpaka nje, nakagua vyeti vya kuzaliwa, jina likikosewa natafuta mzazi siku hiyohiyo." Chai ikapoa tukiandika upya: "Nimeandikisha wanafunzi zaidi ya 60 kwa asubuhi moja, nikahakiki nyaraka zao na kusahihisha makosa siku hiyohiyo." Hiyo ni bukingi tupu. Fanya hivyo kwa kila mstari.

Tuma kwa PDF, kwa barua pepe. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haisomeki.

Hatua ya 3: Jina lako lisiende popote bila idhini yako

Hapa ndipo nilipopoteza mimi. Mwaka nilioanza kutafuta, wakala mmoja wa mjini alipeleka CV yangu kwenye hoteli ya Kiwengwa bila kuniambia. Wiki ileile wakala wa pili akaniuliza kuhusu hoteli hiyohiyo, nikasema sawa, tuma. CV mbili za mtu mmoja zikatua meza moja, moja inaomba mapokezi, nyengine inaomba stoo. Nikasubiri simu wiki tano. Mwisho nikapanda daladala mpaka getini. Dada aliyenipokea aliniambia kwa upole kwamba mawakala wawili wangedai malipo ya mtu mmoja, na meneja aliliweka jina langu pembeni kuepuka ugomvi. Leo mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ile, na nalazimika kufanya vilevile.

Basi kila wakala mwandikie hivi, kabla ya CV: "Naomba usiipeleke CV yangu kwa mwajiri yeyote kabla hujanitajia hoteli na nafasi, nami nikakubali kwa maandishi."

Wengine watakataa kutaja hoteli, wakihofia utawazunguka na kwenda mwenyewe. Hofu yao ina msingi, watu wanafanya. Waahidi kwa maandishi kwamba hutawazunguka, na uitimize ahadi. Wakikataa bado, uliza eneo na idadi ya vyumba. Nungwi au Paje, ukitajiwa na vyumba, mara nyingi utaijua. Usipoijua, kataa.

Angalia pia mmiliki. Kampuni moja inaweza kuwa na hoteli tatu na ofisi moja ya ajira, kwa hiyo ukiomba ya kaskazini na wakala akakupeleka ya mashariki, umegongana na nafsi yako. Muulize pia akishakupeleka mahali, jina lako linahesabika lake kwa muda gani. Nimeona miezi 6, nimeona 12. Na kama ulishaomba mwenyewe, mwambie mapema.

Yote haya yaandike kwenye daftari la karatasi: tarehe, wakala, hoteli, nafasi, CV ipi. Meseji za sauti za WhatsApp usizitegemee, siku ya ubishi hutaipata unayoitaka.

Hatua ya 4: Msimu

Masika, Machi mpaka Mei, hoteli nyingi hupunguza watu na nyengine hufunga. Wageni hurudi Juni, Julai na Agosti pamejaa. Zungumza na mawakala mwezi wa Aprili.

Hatua ya 5: Usitoe pesa, usitoe vyeti halisi

Miongozo ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) inasema mtafuta kazi asitozwe ada ya kuajiriwa. Anayeomba "ya fomu" au "ya kufungulia faili", achana naye siku hiyohiyo. Nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mpe nafasi ikishatajwa. Vyeti halisi vibaki nyumbani.

Hatua ya 6: Maswali kabla ya kukubali

Mshahara uliotajwa ni kabla ya makato ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) na kodi, au ndio wa mkononi? Gari ya wafanyakazi inapita wapi, na saa ngapi zamu ya usiku? Kwa anayetoka Pemba, kuna nyumba ya wafanyakazi? Wakala asipojua, mwambie aulize, ndiyo kazi yake. Barua ya kuacha skuli usiipeleke mpaka mkataba wa hoteli uwe umesainiwa na pande zote mbili.

Ukitoka kwenye usaili, mpigie wakala jioni hiyohiyo, umweleze waliyokuuliza na ulipokwama. Meneja atampigia yeye asubuhi, na ni vizuri awe ameshasikia kwako.