Kabla Daktari Hajafika: Farasi Mchanga Anapochechemea kwa Mbali

Farasi asiyeweza kukanyaga kabisa hamsumbui mtu kumtambua. Huyo mwache alipo, mpigie daktari. Anayetusumbua ni yule wa miaka miwili anayetoka bandani akitembea vizuri, ila akishika mchakamchaka unahisi kuna kitu hakiko sawa, na hujui ni mguu upi. Kwenye kipimo cha kuchechemea cha 0 hadi 5 wanachotumia madaktari wa farasi wa Marekani, huyu ni wa 1: ni vigumu kumwona, na haonekani kila mara. Huenda daktari akafika saa nane mchana na kukuta hachechemei tena. Ndiyo maana yako mengi ya kufanywa mapema na mwenye farasi na saisi wake, yaani mtunza farasi.

Tafuta mahali pagumu, tambarare, pa hatua thelathini hivi. Mkimbize hapo mchakamchaka, kamba ilegezwe, kwa sababu utakachokisoma ni kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka mguu huo unapokanyaga na huinama unapokanyaga ule mzima. Wengi hukosea hapa, wakaenda kutibu mguu usio na shida. Kwa miguu ya nyuma simama nyuma yake utazame nyonga: ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake. Mrekodi kwa simu akija, akienda, na kwa ubavuni. Kama anatembea vizuri, mzungushe pia duara pande zote mbili. Mara nyingi mguu unaouma hujionyesha zaidi ukiwa upande wa ndani.

Halafu fumba macho usikilize. Kuna farasi jike niliyemtunza upande wa Ngong, karibu na Nairobi, ambaye sote tulimtazama tukasema hana kitu. Saisi wetu mzee akageuka akampa mgongo. "Sikia," akasema, "ko, ko, ko, ko, moja nyepesi." Kesho yake ukwato wa mbele wa kulia ulikuwa wa moto, na ndani yake mlikuwa na jipu.

Joto hilo lipime kwa kiganja asubuhi, kabla jua halijapiga upande mmoja, ukilinganisha kwato mbili za mbele, kisha mbili za nyuma. Gusa pia mshipa ulio nyuma ya kifundo, juu ya ukwato. Kawaida hupiga kwa udhaifu hata kuutafuta ni kazi. Ukiupata mara moja unadunda, ndani ya ukwato kuna uvimbe. Safisha chini utafute jiwe au mwiba. Ukikuta msumari umezama usiung'oe, daktari anahitaji kuona ulikoelekea. Mzuie tu farasi asizidi kuukanyagia, na utafute tarehe ya chanjo yake ya pepopunda.

Andika lini kwato zilichongwa mwisho, kazi aliyofanya wiki hii, na nafaka anayopewa. Nafaka si jambo dogo. Gegedu ya ukuaji, sehemu laini mfupa unaporefukia, iliyo juu ya goti la mbele hufunga na kuwa mfupa karibu na miaka miwili hadi miwili na nusu, na farasi anayeshibishwa nafaka ili anenepe upesi huweza kuvimba hapo. Pima joto la mwili. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5.

Kubwa kuliko yote, usimpe dawa ya maumivu kabla hajaonwa, na usimpande "ajinyooshe". Nimeona fenilibyutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, ikimfanya farasi apendeze siku mbili, akapelekwa mbio, akarudi amebeba mguu. Dawa ilikuwa imefunika maumivu yaliyokuwa yanamlinda.

Na kama anayechechemea ni mtoto wa farasi wa wiki chache, acha simu ya kurekodi na kipimo cha duara. Wengi husema mama yake amemkanyaga. Huenda ni vijidudu vilivyopita kitovuni vikaingia kwenye kiungo, na kiungo hicho huharibika haraka. Mwite daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.