Jinsi ya kuomba udaktari wa meno ukiwa ulianza na divisheni 4: njia ya Tanga

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka napata simu kutoka Ngamiani, Makorora, hata Pangani. Swali huwa moja: "Kaka, nimepata four, nataka udaktari wa meno, ndiyo basi tena?" Siyo basi. Mimi mwenyewe nilipata divisheni 4 ya pointi 26, nikiwa na F mbili, Fizikia na Hisabati. Nilipita kwenye stashahada, na sasa nasoma shahada. Ila nilipoteza mwaka mzima kwa kufanya mambo bila mpangilio, na sitaki mdogo wangu yeyote aupoteze wa kwake.

Kwanza elewa kuna ngazi mbili. Tabibu wa meno anasoma stashahada ya miaka mitatu. Ndiye utakayemkuta kwenye vituo vingi vya wilayani, aking'oa, akiziba na kusafisha meno. Daktari wa meno anasoma shahada, ile DDS, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Chuo ambacho wengi wanakijua kwa shahada hiyo ni MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam. Sisi wa Tanga tuna bahati kwamba chuo cha matabibu wa meno kipo hapa hapa mjini. Unaweza kusoma ukilala kwenu.

Njia ya moja kwa moja ni kidato cha sita, tahasusi ya PCB, na prinsipo (ufaulu kamili wa kidato cha sita) tatu za Fizikia, Kemia na Bayolojia. Kama una C tatu za kidato cha nne njia hiyo bado iko wazi, hata kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sitaizungumzia sana. Anayenipigia simu mara nyingi hana C tatu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kuingia stashahada ya meno unatakiwa uwe umefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia, Bayolojia na Fizikia ziwemo. Kufaulu maana yake D kwenda juu. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu, ukiwa nazo vizuri, usipokuwa nazo unaingia. Kwa hiyo watu wengi wanarisiti Fizikia peke yake, wanaingia chuo, wanasahau Hisabati. Miaka mitatu baadaye wanamaliza na GPA nzuri, wanaomba shahada, wanakuta sharti: mwenye stashahada anatakiwa awe na wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hapo awe na D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Bayolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F ya Hisabati uliyoiacha shuleni inakusubiri mlangoni pa chuo kikuu. Nimemwona tabibu hodari, anayeziba jino vizuri kuliko wengi, akirudi kukaa kwenye chumba cha mtihani na watoto wa miaka kumi na saba. Rudia yote mapema, kwa mkupuo mmoja.

Basi hatua ya kwanza ni kuchukua matokeo yako na kuweka alama kwenye hayo masomo matano. Kila yenye F unairudia. Huna haja ya kurudia masomo yote.

Usajili wa kurisiti unafanyika mwanzoni mwa mwaka kupitia NECTA, yaani Baraza la Mitihani, mtihani wenyewe ni Novemba. Hujisajili ukiwa nyumbani peke yako: unakwenda kwenye kituo kinachopokea watahiniwa wa kujitegemea, wanakupa namba rejea, ndipo unajaza taarifa kwenye mfumo na kupata kumbukumbu namba ya malipo. Ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi mwaka umekwenda. Kabla hujachagua kituo, uliza swali hili: mna maabara, na mnasajili masomo ya sayansi? Vituo vingine vinapokea wa sanaa tu, na hilo utaambiwa umeshapanda daladala mara tatu.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nina neno moja kwa wanaoiogopa Hisabati. D inaanzia alama 30. Sehemu A ya karatasi ile ina maswali kumi, kila moja alama 6. Mtu akizishika seti, takwimu, matrisi na hesabu za biashara mpaka azifanye bila kutazama, ile 30 haiwi mbali. Mimi nilikaa miezi minane na mwalimu wa tuisheni Chumbageni, jioni baada ya kusaidia dukani. Mama aliniambia, "Mwanangu, wewe huna kichwa kibovu, ulikuwa hukai chini." Alisema kweli.

Matokeo yakitoka, subiri dirisha la maombi ya vyuo vya afya, ambalo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Unafungua akaunti kwa namba yako ya mtihani. Wewe uliyerisiti una namba mbili, ile ya shule inayoanza na S na ya kujitegemea inayoanza na P. Ingiza zote mbili. Ukiingiza moja mfumo utaona nusu ya ufaulu wako. Chagua stashahada ya utabibu wa meno, na usiweke chuo kimoja tu hata kama unataka kubaki Tanga. Mbeya nako kuna chuo cha namna hii.

Halafu simu. Nilijaziwa fomu kwenye steshenari moja, kijana akaweka namba yake ili "anisaidie kufuatilia". Ujumbe wa kuchaguliwa uliingia kwake, akawa kasafiri. Nilikuja kujua siku mbili kabla ya kuripoti, na ada ilikuwa haijatafutwa. Weka namba yako na barua pepe yako, nywila uandike kwenye daftari nyumbani.

Wakati unasubiri majibu, shughulikia cheti cha kuzaliwa. Utakihitaji kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kama utaomba mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, na siku hizi hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada za afya wanakopeshwa. Tazama majina. Kwetu huku cheti kinaweza kusema Mwanahamisi, shule ikaandika Mwanahamis, na herufi hiyo moja ikakusimamisha. Marekebisho ya cheti yanaanzia ofisi ya mkuu wa wilaya. Yanachukua muda, usingoje.

Ukiwa chuoni, ilinde ile 3.0 tangu muhula wa kwanza. Anatomia ya kichwa na shingo ndiyo inayowaangusha wengi mwanzoni, nayo haisomeki usiku mmoja. Ukimaliza, omba NACTVET wakupe AVN, namba ya uhakiki wa tuzo yako. Bila hiyo chuo kikuu hakiwezi kupokea ombi la mwenye stashahada. Usisahau pia kujisajili kwa Baraza la Madaktari la Tanganyika, ili ufanye kazi kihalali huku ukisubiri nafasi.

Ombi la shahada linakwenda moja kwa moja kwenye chuo husika. Kabla ya kulipa, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huo, tafuta ukurasa wa wenye stashahada, usome sharti la DDS neno kwa neno, kwa sababu mwongozo hutolewa upya kila mwaka. Nafasi za meno ni chache, kwa hiyo omba awamu ya kwanza. Na ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha. Ithibitishe siku hiyo hiyo, kwa simu yako mwenyewe, kabla dirisha la uthibitisho halijafungwa.