Namna ya Kusanifu Bomba la Maji la Mtaa: Kwa Mhandisi Kijana Anayeanza Kazi Tanga

Mhandisi msanifu anayeanza kazi ya maji hukabidhiwa ramani, idadi ya watu na jina la mtaa unaohitaji bomba. Kabla hujafungua kompyuta, nakuomba utembee njia yote ya bomba kwa miguu, kuanzia tangi hadi nyumba ya mwisho, ukiwa na kifaa cha kupimia miinuko, na uandike kila mahali ardhi inapopanda na inaposhuka. Sehemu nyingi za pwani hii zina udongo mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na kuchimba mtaro kwenye mwamba hugharimu zaidi kuliko kuchimba mchanga. Mwulize mkazi aliyechimba choo au kisima karibuni, kwa maana yeye anajua mwamba uko futi ngapi chini.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nilijifunza kwa uchungu. Katika mradi wangu wa kwanza, nilichora njia kwa kutegemea ramani pekee, na kilima kidogo kikanipita. Maji yalipofunguliwa, bibi mmoja aliyeishi juu ya kilima hicho aliniita baada ya kuitikia shikamoo yangu, akafungua koki mbele yangu, nayo ikatoa mlio wa hewa bila tone. "Mwanangu," alisema, "hii inapumua tu." Hewa ilikuwa imejikusanya mahali bomba lilipopanda, na mimi sikuwa nimeweka valvu ya kutolea hewa. Tangu siku hiyo, kila kilele ninakiwekea valvu hiyo, na kila bondeni ninaweka tundu lenye koki la kutolea tope.

Baada ya kupima ardhi, kadiria mahitaji. Tuseme mtaa utakuwa na watu 6,000 mwishoni mwa kipindi cha usanifu, yaani miaka ambayo bomba limekusudiwa kuhudumia, na kila mmoja atatumia lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 600,000 kwa siku, yaani wastani wa lita 7 hivi kwa sekunde. Hata hivyo, watu hawachoti maji kwa wastani: alfajiri wote hufungua koki pamoja, kwa hiyo zidisha mara mbili, upate lita 14 kwa sekunde. Kizidishio halisi na kiwango cha matumizi uvichukue katika mwongozo wa usanifu wa Wizara ya Maji, wala usivikisie.

Hapa ndipo kipenyo cha bomba kinapoamua kila kitu. Chukua tangi lililo mita 45 juu ya nyumba ya mwisho, umbali wa kilomita 3. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 150 litapoteza mita 13 hivi za msukumo (wahandisi huupima kwa kimo cha maji) kwa msuguano, na nyumba ya mwisho itabaki na mita 32, ambazo ni zaidi ya bari 3 (bari ni kipimo cha presha). Ukipunguza kipenyo hadi milimita 100 ili kuokoa fedha, msuguano utadai zaidi ya mita 90, ambazo huna, na watu wa mwisho watakosa maji kila asubuhi kwa miaka yote ya uhai wa bomba hilo. Programu ya EPANET, inayotolewa bure na Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, itakufanyia hesabu za mtandao mzima, lakini fanya kwanza njia moja kwa mkono ili uweze kutambua jibu lisilo sahihi.

Kagua pia usiku wa manane, maji yanaposimama na msukumo wote wa tangi kubaki ndani ya bomba. Kila mita 10 za kimo ni takribani bari 1, na daraja la bomba, yaani kiwango cha presha lililotengenezewa, lazima lihimili kimo hicho kwa nafasi ya kutosha. Karibu na bahari, chumvi hula chuma, kwa hiyo plastiki hufaa zaidi chini ya ardhi. Kwenye mwamba, bomba lilazwe juu ya kitanda cha mchanga.

Usisahau chanzo. Maji ya mji wa Tanga hutoka Mto Zigi, unaoanzia milima ya Usambara Mashariki, hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kusafishwa katika mtambo wa Mowe. Kabla ya kuongeza mtaa, hakikisha kwamba mtambo na tangi vina ziada hata wakati wa kiangazi. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji huu, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Wananchi walioweka akiba zao humo wanastahili bomba lililohesabiwa kwa uangalifu.

Michoro ikiwa tayari, ipelekwe kwa mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aikague. Siku maji yanapofunguliwa, usisimame tangini. Nenda kwenye nyumba iliyo juu kuliko zote, saa kumi na mbili asubuhi, ufunge geji kwenye koki, na uandike presha uliyoipata pembeni mwa ile uliyoihesabu.