Baiolojia ya advansi: unachokutana nacho form five na jinsi ya kujipanga

Wadogo zangu mliopangiwa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na kombi nyingine zenye baiolojia, hongereni sana. Najua wengi wenu mna A au B ya form four mkononi na mnaona hili ndo somo rahisi kwenye kombi, kwamba kazi itakuwa fizikia na kemia halafu baiolojia ni ya kusoma tu jioni kabla ya kulala. Nami nilifikiri hivyo hivyo. Test yangu ya kwanza ya form five, topiki ya seli, nilipata 38, na nilikuwa nimekesha kuisoma. Ngoja nikueleze ilikuwaje ili wewe usipitie huko.

Kwanza ujue madaraja yenyewe yamebadilika. Olevo A ilianzia 75, huku inaanzia 80. Olevo ukipata 45 ni C, advansi hiyo 45 ni E. Kuanzia 35 mpaka 39 ni S, na S si prinsipo pasi, yaani si ufaulu unaohesabika kuingia chuo kikuu, kwa hiyo mtu anayeota udaktari akiwa na S ya baiolojia ndoto imekwama hapo hapo. Ile 38 yangu ilikuwa S.

Sasa kwa nini niliipata wakati nilikesha? Kwa sababu nilisoma kama wa olevo. Kule swali linakuja "taja kazi ya mitokondria", unaandika kutoa nishati, unapata maki yako. Huku swali linakuja "eleza jinsi umbo la mitokondria linavyoendana na kazi yake" na lina maki za kutosha kujaza kurasa. Hapo inabidi useme utando wa ndani umekunjwakunjwa, mikunjo hiyo inaongeza eneo, kwenye eneo hilo ndo kumekaa protini za kusafirisha elektroni na enzaimu ya kutengeneza ATP, ile nishati inayotumiwa na seli, halafu ule ute wa ndani una enzaimu za mzunguko wa Krebs, tena ina DNA na ribosomu zake yenyewe ndo mana inaweza kujitengenezea baadhi ya protini. Kila sifa unayotaja lazima uiunganishe na faida yake, ukitaja sifa tupu unapewa nusu au hupewi kabisa. Hii "umbo na kazi" itakufuata miaka yote miwili, kwenye nefroni za figo, kwenye alveoli za mapafu, kwenye villi za utumbo, kwenye jani, kwenye chembe nyekundu za damu. Ukiishika mapema umeshika sehemu kubwa ya somo.

Kitu cha pili ni wingi. Mnaingia Julai, mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka wa pili mbele, na ukitoa likizo na mitihani ya majaribio, yaani moko na pre-neta, muda wa kusoma ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye kalenda. Shule nyingi zinaanza na saitolojia, yaani seli na kemikali zake, kisha uainishaji wa viumbe, halafu uratibu ambapo kuna neva na homoni za wanyama na mimea, hiyo topiki ni ndefu kweli kweli. Lishe na upumuaji zinafuata, na jenetiki, mageuko na ikolojia mara nyingi zinasukumwa form six. Mtaala umefanyiwa mabadiliko, kwa hiyo wiki ya kwanza tu muombe ticha muhtasari unaotumika shuleni kwenu muutoe kopi, usirithi notsi za kaka yako ukadhani zinatosha. Na topiki za mwisho ndo zinazofundishwa kwa kukimbizana, sasa jenetiki haikubali kukimbizwa, ile ni kama hesabu, unafanya maswali mpaka mkono unazoea. Likizo ya Desemba ukiwa nyumbani anza nayo mwenyewe pole pole, 9:3:3:1 ya Mendel, ule uwiano wa watoto sifa mbili zikirithiwa pamoja, uielewe inatoka wapi kabla hujaikuta ubaoni.

Kuhusu lugha nitasema wazi, wengi wanafeli Kiingereza cha baiolojia, siyo baiolojia yenyewe. Maneno ni marefu na yanafanana. Kilichonisaidia ni kuyavunja vipande. Ukishajua "lisisi" ni kuvunja au kupasua, basi glaikolisisi ni kuvunja sukari, haidrolisisi ni kuvunja kwa maji, hemolisisi ni kupasuka kwa chembe za damu, neno moja limekufungulia matatu. Nilikuwa na kidaftari kidogo cha mfukoni, kila neno jipya linaingia na maana yake kwa Kiswahili pembeni, halafu kwenye diskasheni tunaelezana kwa Kiswahili kwanza mpaka kila mtu kaelewa, ndo tunarudia kwa Kiingereza. Wapo watakaokwambia diskasheni ya Kiswahili ni kupoteza muda, usiwasikilize, kitu usichoweza kumweleza bibi yako kwa lugha yake bado hujakielewa.

Na tafuta mifano inayofunga topiki nyingi kwa pamoja, hii ndo siri ya esei nzuri. Ninaoupenda mimi ni seli mundu, ugonjwa ambao hapa Tanzania tunao sana, huenda hata darasani kwenu yupo anayeumwa. Angalia inavyokwenda: herufi moja tu ya DNA inabadilika, kwa hiyo kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini asidi amino ya sita badala ya kuwa glutamiki inakuwa valini. Oksijeni ikipungua hemoglobini hizo zinashikana, chembe inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Wazazi wawili wabebaji, yaani AS na AS (A ni jeni ya kawaida, S ni ya seli mundu), kila mimba ina uwezekano wa robo ya kupata mtoto SS, mwenye ugonjwa. Sasa swali la mtu mwenye akili ni kwamba jeni mbaya hivi mbona haijaisha? Ndo hapo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alichapisha utafiti wake wa huku Afrika Mashariki akionyesha kwamba wabebaji wa jeni moja wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Penye malaria nyingi, mbebaji anapona na anazaa, jeni inabaki. Umeona? Mfano mmoja una protini ya saitolojia, una usafirishaji wa oksijeni, una jenetiki, una uteuzi asilia, mpaka mbu na mazingira yake. Ukiweza kuuandika huo wote bila kuangalia popote, nenda ukapumzike siku hiyo.

Tuje prakitiko, mana hapa ndo watu wanaangusha maki za bure. Ni pepa inayojitegemea, na kwa miaka mingi imekuwa na kupasua mnyama, majaribio ya chakula au enzaimu, na kuainisha spesimeni. Shule zingine prakitiko zinaanza form six karibu na moko, nakusihi usisubiri. Mende yupo kila mahali, wembe ni bei ndogo. Mpasue mkiwa wawili watatu kwenye sahani yenye nta, mgongo juu, mbawa na miguu umeshaondoa, pini mbili tatu, halafu mwagia maji mpaka afunikwe. Maji ni muhimu sana kwa sababu viungo vinaelea na kuachana, bila maji vyote vinalala kama uji. Kata pembeni huku na huku kuanzia nyuma kwenda mbele, ncha ya mkasi ielekee juu usichane utumbo, kisha nyanyua vile vipande vya mgongo taratibu. Utakutana na mafuta meupe yamejaa, yatoe kidogo kidogo kwa koleo. Hapo utauona utumbo: kropu kile kifuko kikubwa, nyuma yake firigisi ngumu, halafu vijifuko vinane vimezunguka kama vidole, nyuma zaidi nyuzi nyembamba za njano, hizo ndo tubuli za Malpighi za kutoa taka mwilini. Mara ya kwanza utaharibu, mara ya tatu utatulia, ya tano utamaliza mapema na muda wa kuchora ukabaki.

Kwenye panya kuna kosa moja linarudiwa kila mwaka. Hawa panya wakubwa wa darini hawana kifuko cha nyongo. Mtu kakariri mchoro wa binadamu, anafika chumba cha mtihani anachora nyongo ambayo mbele yake haipo, na msahihishaji akiona tu anajua hukuangalia. Chora unachokiona. Penseli iliyochongwa vizuri, mstari mmoja usiorudiwarudiwa, hakuna kutia kivuli, mistari ya leboo kwa rula na isikatane, na kichwa cha mchoro kiseme ni mnyama gani na umemwangalia kutokea upande gani.

Majaribio ya chakula ni mepesi ila andika rangi kwa usahihi. Ayodini ikikuta wanga inatoa bluu-nyeusi, ukiandika "bluu" peke yake umejinyima. Benedicti, dawa ya kupima sukari, lazima ichemke, na kwa sukari isiyoibadili rangi yenyewe (non-reducing) kama ya miwa unaanza kwa kuchemsha na asidi, unapoza, unaondoa asidi kwa besi, ndo unaweka Benedicti. Wengi wanaruka hatua ya kuondoa asidi wanabaki na bluu ile ile wanasema hakuna sukari.

Pasti pepa anza nazo form five ile ile, topiki ikiisha tu tafuta maswali yake ya miaka kama kumi nyuma, andika jibu lote kwa mkono ukiwa na saa mezani. Kusoma jibu la mwenzako hakukufundishi kuandika. Na kama shuleni kwenu mwalimu wa baiolojia hayupo, hilo linatokea na linauma, tafuteni form six au mtu aliyemaliza, mkubaliane topiki, mfundishane kwa zamu.

Hii miezi ya kusubiri Julai usiipoteze yote. Rudia seli na lishe za form one mpaka three, na kemia ya kaboni uliyosoma form four, kwa sababu wanga, mafuta na protini za wiki za mwanzo zimejaa kemia hiyo. Kwenye begi weka kaunta buku kubwa mbili, penseli za HB, kifutio kizuri, rula, koti la maabara, na kama mfuko unaruhusu kifurushi cha kupasulia chenye mkasi mdogo. Mkikosa, mchange wanne mnunue kimoja, sisi tulifanya hivyo na kilidumu mpaka Mei.